Kahawa ya Abu Simbel: kisa cha Amelia Edwards, mtunzi wa riwaya aliyefungua mlango wa elimu ya Misri ya kale

Februari 1874, mbele ya hekalu kubwa la Abu Simbel huko Nubia, kusini mwa Misri, mabaharia wa jahazi moja la Nile walifungafunga milingoti na makasia wakapata jukwaa, wakapanda hadi usoni mwa sanamu ya Firauni Ramses wa Pili, wakaanza kumpaka kahawa.

Sanamu yenyewe ina kimo cha mita 20 hivi. Miongo kadhaa nyuma, Mskoti mmoja, Robert Hay, alikuwa ameutolea uso huo kielelezo kwa plasta, akaondoka bila kusafisha. Mabaka meupe yakabaki yamemganda Firauni shavuni na puani kama mtu mwenye ugonjwa wa ngozi. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa abiria wa jahazi lile hakuweza kulivumilia jambo hilo. Akawaomba mabaharia waibandue plasta, na pale ambapo weupe ulikataa kutoka, wapake kahawa nzito mpaka rangi ifanane na jiwe. Kazi ilichukua alasiri tatu. Vijana wa jikoni wakipandisha vyungu na kushuka, na Reis Hassan, nahodha, akiremba pua iliyokaribia kulingana na kimo chake mwenyewe. Mpishi naye alishika kichwa, maana tangu aanze kazi hajapata kuandalia kahawa mgeni mwenye kinywa cha upana wa futi tatu na nusu.

Haya yote tunayajua kwa sababu mama yule aliyaandika. Jina lake Amelia Ann Blanford Edwards, na wakati ule Waingereza walimjua kwa riwaya zake. Elimu ya Misri haikuwa na jina lake popote.

Kisa ninachokichambua ni hiki. Amelia hakusoma chuo chochote. Misri alikwenda mara moja tu maishani mwake, akiwa na umri wa miaka 42. Lakini alipofariki mwaka 1892, ndiye aliyeacha nafasi ya kwanza ya uprofesa wa elimu ya Misri ya kale nchini Uingereza, na chombo kilichokuwa kimepeleka wachimbaji kwenye bonde la Nile kwa miaka 10. Wengi humweleza kama mwandishi aliyeacha riwaya akawa msomi. Mimi sikubaliani nao. Nikiufuata mwendo wake hatua kwa hatua, naona ule ufundi wa riwaya ndio uliofanya kazi ambayo wasomi wenye vyeo walishindwa kuifanya.

Alizaliwa London mwaka 1831, mtoto wa pekee. Baba alikuwa askari mstaafu aliyepigana chini ya Jenerali Wellington, kisha akafanya kazi benki. Mama alikuwa na asili ya Ireland, naye ndiye aliyemfundisha binti yake nyumbani. Mtoto alichapishiwa shairi akiwa na miaka saba. Alichora, aliimba, akawa hata mpiga kinanda wa kanisa kwa muda. Mwishoni akachagua kalamu kwa sababu kalamu ililipa. Hili tusilipite haraka. Mwanamke wa tabaka lake, asiye na mume wala urithi wa maana, alikuwa na njia chache za kujipatia riziki kwa heshima. Amelia aliandika magazetini, akaandika hadithi za mizimu kwa jarida lililohaririwa na Charles Dickens, na kuanzia 1855 akatoa riwaya moja baada ya nyingine. Barbara's History ya mwaka 1864, yenye mume anayeshukiwa kuwa na mke mwingine, ndiyo iliyompa jina.

Wazazi wake wote wawili walifariki mwaka 1860, wakifuatana kwa siku chache. Baada ya hapo akahamia kwa mjane mmoja aliyemzidi sana umri, Ellen Braysher, nao wakaishi pamoja katika nyumba iliyoitwa The Larches, Westbury-on-Trym, karibu na Bristol, kwa takriban miaka 30, mpaka kifo kilipowatenganisha kwa miezi mitatu tu.

Kwa hiyo tunapomkuta jahazini mwishoni mwa 1873, tusimwone kama tajiri anayepoteza wakati. Ni mwandishi wa kazi, mwenye daftari na rangi za maji. Anajua kwamba kila anachokiona kitauzwa kikiwa maneno, na kwamba msomaji akichoka ukurasa wa tatu, kitabu kimekufa. Alikuwa na mwenzake wa safari, Lucy Renshaw, na kwa maelezo yake mwenyewe walifika Cairo wakikimbia mvua zisizokatika za Ulaya. Wakakodi dahabia, yaani jahazi la abiria la Nile, iliyoitwa Philae, wakang'oa nanga tarehe 13 Desemba.

Abu Simbel walifika usiku wa tarehe 31 Januari, mbalamwezi ikiwaka, wakaondoka jua likizama tarehe 18 Februari. Watalii wengi wa siku zile walikaa siku moja au mbili, wakachonga majina yao kwenye jiwe, wakaenda zao. Yeye alikaa, akachora, akapima, akauliza. Tarehe 16 Februari mchoraji waliyesafiri naye, Andrew MacCallum, akagundua ufa kwenye mwamba. Kumbe ni mlango. Walifukua mchanga kwa mikono na kwa chochote kilichopatikana; wanakijiji wakaitwa kusaidia; na ndani kikaonekana chumba kidogo, kuta zake zimejaa picha za rangi ambazo hazikuwa zimeguswa na mwanga kwa karne nyingi.

Nini kilifuata? Waliandika majina yao na tarehe ukutani, juu ya mlango.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi, na kila mara inanichoma. Watu waliochukizwa na plasta ya Robert Hay nao wakaacha alama yao. Lakini Amelia alifanya jambo ambalo si wengi wangelifanya. Kitabu chake cha safari, A Thousand Miles up the Nile, kilipotoka, aliongeza kwamba ameambiwa majina yale yameanza kufutika na picha zimeharibiwa. Akataja waharibifu mmoja mmoja: mtalii anayechonga jina, mwanafunzi wa elimu ya Misri anayebandika karatasi mbichi ukutani ili apate nakala, ikitoka na rangi, mkusanyaji anayenunua kila kitu cha thamani, na mwenyeji anayeiba kwa ajili ya mkusanyaji huyo. Yeye mwenyewe yumo katika orodha hiyo, na aliiandika bila kujitafutia kona ya kujificha. Kundi la Waingereza wengine waliosafiri sambamba nao lilinunua mumia, yaani maiti ya kale iliyohifadhiwa isioze, kwa magendo, harufu ikawashinda, wakaitosa mtoni baada ya wiki. Hilo nalo liko kitabuni.

Hapa ndipo naona mtunzi wa riwaya akifanya kazi yake. Ripoti ya msomi ingesema makaburi yanaharibiwa. Amelia alimfanya msomaji wa Manchester au Bristol aone pua ya Ramses, aisikie harufu ya mumia, halafu ndipo akamwambia: vitu hivi vinakwisha, na vinakwisha leo. Kitabu kilichukua zaidi ya miaka miwili kuandikwa, kwa sababu alirudi nyumbani akaanza kusoma upya kila kitu. Alijifundisha hieroglifi, maandishi ya picha ya Wamisri wa kale. Aliwaandikia wataalamu wa makumbusho akiuliza na kubishana. Alisahihisha tarehe na majina ya wafalme kwa kiwango ambacho wataalamu wenyewe walimheshimu.

Mfanyabiashara wa nguo wa Manchester, Jesse Haworth, alikisoma kitabu hicho pamoja na mkewe, kikawapeleka Nile mwaka 1882. Jina hilo tutalikuta tena.

Riwaya yake ya mwisho, Lord Brackenbury, ilitoka mwaka 1880 na ikapendwa sana. Mwandishi anayeuza hivyo hana sababu ya kibiashara ya kuacha. Lakini Machi 1882 yeye na Reginald Stuart Poole, mtaalamu wa sarafu wa British Museum, wakaanzisha Egypt Exploration Fund, mfuko wa kuchangisha fedha za uchimbaji. Wakawa makatibu wa heshima, maana yake kazi bila mshahara. Daktari tajiri Erasmus Wilson, yuleyule aliyegharimia kusafirisha mnara wa Misri unaosimama ukingoni mwa Mto Thames, akatoa pauni 500 za mwanzo.

Mkono mtupu haulambwi, na Amelia alilijua hilo kuliko maprofesa. Alijua pia nini kinawafanya Waingereza wa zama zake wafungue mifuko: Biblia. Mfuko ulipomtuma Mswisi Édouard Naville kuchimba Tell el-Maskhuta mwaka 1883, naye akatangaza kwamba ameupata mji wa Pithom ambao Waisraeli waliujenga utumwani, habari ilikuwa tayari kwa magazeti. Watu wa makanisa wakachanga. Je, ilikuwa sawa kuisukuma akiolojia kwa hamu ya kuthibitisha kitabu cha Kutoka? Kitaaluma ilikuwa na hatari zake, na utambulisho ule wa Naville umejadiliwa tangu siku hizo. Lakini bila fedha hizo hakuna jembe ambalo lingegusa udongo wa Delta ya Nile.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Barua. Aliandika barua kwa mkono wake, moja moja, kwa wachangiaji, kwa wahariri, kwa makumbusho, kwa wachimbaji walioko jangwani. Kila msimu wa uchimbaji ulipokwisha, yeye ndiye aliyegeuza ripoti kavu kuwa makala ya gazeti yenye mwanzo, kati na mwisho. Nyumbani kwake The Larches vitu vikajaa: vyombo vya udongo, hirizi, vipande vya sanamu. Aliwahi kuandika kwamba kabatini mwa chumba chake cha kulala mlikuwa na vichwa viwili vya Wamisri wa kale, ambavyo huenda huzungumza usiku yeye akiwa amelala. Wasomaji wa wakati wake walitabasamu. Sisi tunaokaa katika bara ambalo mafuvu ya babu zetu bado yako kwenye rafu za Ulaya hatuwezi kuusoma mstari huo kwa tabasamu. Alikuwa mtu mwema na mwenye uchungu na urithi wa Misri, na bado hakuona kwamba vichwa vile vilikuwa vya watu. Hata wale mabaharia wa kahawa, waliomsaidia kwa moyo mkunjufu na ambao baadhi yao aliwataja kwa majina, aliwafananisha na nyani walivyokuwa wakirukaruka jukwaani.

Mwaka 1884 mfuko ulimtuma Flinders Petrie kuchimba mji wa kale wa Tanis. Kijana huyo hakusoma shule rasmi, alikuwa mgumu wa tabia, lakini alikuwa na jicho la ajabu. Wengine walitafuta sanamu na maandishi. Petrie aliokota vigae. Alielewa kwamba kipande cha chungu kinaweza kueleza umri wa tabaka la udongo, na kwamba mchimbaji akilipwa kwa alichokiokota hatakwenda kukiuza kwa mlanguzi. Baada ya miaka miwili mitatu Petrie alikosana na kamati kuhusu matumizi ya fedha, akajiondoa. Amelia alibaki kwenye mfuko, lakini hakumwacha. Alimtafutia wafadhili binafsi, na mmoja wao alikuwa Jesse Haworth, yule msomaji wa Manchester. Vitu vilivyopatikana kwa fedha za Haworth ndivyo vilivyokuja kuwa moyo wa mkusanyiko wa Misri wa makumbusho ya Manchester.

Katika majira ya baridi ya 1889 na 1890 alivuka bahari kwenda Marekani. Chuo cha Columbia, New York, kilikuwa kimeshampa shahada ya heshima, na Smith College pia. Alizunguka majimbo mengi akitoa mihadhara zaidi ya 100 kwa miezi michache, akiwa na msaidizi wake kijana, Kate Bradbury. Njiani alianguka akavunjika mkono. Jioni hiyohiyo akapanda jukwaani kama ilivyopangwa. Alikuwa na miaka 58. Afya yake haikurudi sawasawa tena. Oktoba 1891, akisimamia shehena ya vitu vya kale gatini London, alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Ellen Braysher alifariki Januari 1892, na Amelia akamfuata tarehe 15 Aprili. Wamezikwa pamoja Henbury, na juu ya kaburi umelazwa ufunguo mkubwa wa jiwe, ile ankh ya Wamisri, alama ya uhai.

Sasa tuufungue wasia, maana humo ndimo akili yake inapoonekana waziwazi.

Aliacha zaidi ya pauni 2,000, vitabu na mkusanyiko wake kwa University College London, kuanzisha uprofesa wa elimu ya Misri. Kwa nini hapo na si Oxford au Cambridge, penye jina zaidi? Kwa sababu chuo hicho kilikuwa kikiwapa wanawake shahada tangu 1878, na vile viwili vikongwe vilikuwa bado havijafanya hivyo. Kisha akaweka masharti. Profesa wa kwanza asiwe na zaidi ya miaka 40. Asiwe mfanyakazi wa British Museum. Ukiyasoma bila kujua historia, utadhani ni matakwa ya mzee mwenye visirani. Ukiijua, unaona kwamba ni kama mtunzi wa riwaya aliyekwishajua mhusika wake ataingia kwa mlango upi. Sharti la pili liliwafungia njia maofisa wa makumbusho ambao wangeichukua nafasi kwa vyeo vyao. Sharti la kwanza likawaondoa wazee wengine. Petrie, asiye na shahada hata moja ya kusomea, alikuwa na miaka 38 siku Amelia alipofariki. Hakutaja jina lake. Hakukuwa na haja.

Petrie aliteuliwa mwaka huohuo, akashika nafasi hiyo mpaka 1933.

Mwanzoni mwa 1894 mwanamke mmoja aliyezaliwa Calcutta, Margaret Murray, aliingia darasa la hieroglifi pale chuoni kwa sababu dada yake aliliona tangazo gazetini akamsukuma aende. Mwalimu alikuwa Francis Griffith, ambaye baadaye alimwoa Kate Bradbury. Baada ya miaka michache Murray mwenyewe akawa mwalimu, na wanafunzi wa kike waliopita mikononi mwake wakaenda kuchimba Misri wenyewe. Amelia hakupata kusimamia hata msimu mmoja wa uchimbaji. Hao walisimamia.

Ningeweza kuishia hapa, na wengi huishia hapa. Lakini kuna mlango mwingine katika kisa hiki, na haki inadai tuutaje. Mwaka 1869, miaka minne kabla Amelia hajatia mguu Cairo, serikali ya Misri ilimwajiri Mjerumani Heinrich Brugsch kufundisha vijana wa Kimisri lugha ya mababu zao. Vijana walijifunza wakafuzu. Lakini Auguste Mariette, Mfaransa aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale, alikataa kuwapa kazi. Aliogopa wasije wakachukua nafasi za Wazungu. Shule haikudumu. Mmoja wa wanafunzi wale, Ahmed Kamal, ilimbidi ahangaike na kazi nyingine kwa miaka kabla hajakubaliwa katika makumbusho, na hata humo alikaa chini ya watu aliowazidi kwa kuzijua lugha za nchi ile, ya kale na ya sasa.

Kamal na Amelia walikuwa na shida moja: elimu wanayo, mlango umefungwa. Amelia alikuwa na wachapishaji, na wasomaji waliokwishamzoea kwa riwaya zake; wasomaji hao wakageuka wachangiaji, na wachangiaji wakageuka pauni za wasia. Kamal hakuwa na hadhira kama hiyo London wala Boston. Aliandika kwa Kiarabu na Kifaransa, akafundisha alipopata nafasi, na kwa miaka mingi akatunga kamusi ya lugha ya Misri ya kale iliyofika juzuu 22. Kaburi la Firauni Tutankhamun lilipofunguliwa na dunia nzima ikaigeukia Misri, yeye alikuwa mzee aliyestaafu, bado akiiomba idara isomeshe Wamisri. Mkuu wa wakati huo, Pierre Lacau, akamjibu kwamba ni Wamisri wachache tu waliowahi kuonyesha hamu na mambo hayo. Kamal akamuuliza: katika miaka yote hii 65 ambayo nyinyi Wafaransa mmeiongoza idara, ni nafasi gani mliyotupa?

Alifariki mwaka 1923. Ile kamusi ilikuwa bado hati ya mkono.